Upimaji wa kujiamini katika kujifunza kuogelea

Upimaji wa kujiamini katika kujifunza kuogelea ni kazi ya kutafuta, kwa njia ya dodoso, ni kwa kiasi gani mwanafunzi anaamini kwamba anaweza kufanya jambo fulani majini, kama vile kuelea, kuzamisha uso au kuogelea umbali uliotajwa. Ni sehemu ya saikolojia ya elimu na ya elimu ya viungo.

Suala hili linahusu sana vyuo vikuu, kwa sababu baadhi ya wanafunzi hufika huko wakiwa watu wazima ambao hawajawahi kufundishwa kuogelea, na vyuo vingine vimeweka kuogelea kuwa sharti. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Tsinghua mjini Beijing, China, kilitangaza kwamba wanafunzi wapya wa shahada ya kwanza watapaswa kuweza kuogelea mita 50 kabla ya kuhitimu.

Asili yake

Msingi wa upimaji huu uliwekwa na mwanasaikolojia Albert Bandura (1925–2021), mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani. Katika makala yake ya mwaka 1977 alieleza kuwa imani ya mtu juu ya uwezo wake hufungamana na kazi maalumu. Mwanafunzi anayesimama mbele ya darasa bila woga anaweza kutetemeka akifika ukingoni mwa bwawa.

Bandura alitaja vyanzo vinne vya imani hiyo: kufanikiwa mwenyewe, kuona wengine wakifanikiwa, kutiwa moyo, na hali ya mwili. Cha kwanza ndicho chenye nguvu zaidi. Anayeelea kwa sekunde kumi bila kushikwa hupata kitu ambacho maneno ya mwalimu hayawezi kumpa. Chanzo cha nne nacho huonekana wazi majini: moyo ukienda mbio na pumzi ikibanwa, mwanafunzi huona hizo kuwa dalili kwamba hawezi.

Dodoso

Katika mwongozo wake wa mwaka 2006, Bandura alipendekeza mjibu ajipe alama kuanzia 0 (siwezi kabisa) hadi 100 (nina hakika naweza), kwa kupanda kumi kumi. Wengine hutumia mizani ya Rensis Likert, ya mwaka 1932, ambayo kwa kawaida huwa na ngazi tano za kukubali au kukataa.

Maneno ya swali yana uzito. Huulizwa “naweza”, si “nitafanya”, kwani la pili hupima nia. Swali “Je, unajua kuogelea?” halifai hata kidogo: mmoja atajibu ndiyo kwa kuwa hucheza kwenye maji ya kiunoni, mwingine kwa kuwa huvuka mto. Afadhali “Naweza kuelea chalichali kwa dakika moja pasipofikika chini kwa miguu.” Maswali yapande kwa ugumu, yakiwa mepesi yote, kila mtu atapata alama za juu na kipimo hakitatofautisha mtu na mtu. Tena yajibiwe kwa siri, maana kijana hapendi kukiri woga mbele ya wenzake.

Uthabiti wa dodoso hukaguliwa mara nyingi kwa kigezo cha alfa cha Lee Cronbach (1951), kinachoonyesha kama maswali yanakwenda pamoja. Hakisemi kama majibu ni kweli.

Kujiamini na uwezo halisi

Hapo ndipo penye hatari. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, Kevin Moran na wenzake waliwapa dodoso wanafunzi wa vyuo vikuu wa nchi kadhaa, kisha wakawajaribu bwawani. Uhusiano kati ya uwezo waliojidhania na ule waliouonyesha ulikuwa wa wastani tu. Anayejidhania kuliko alivyo anaweza kuingia kina kisichomfaa. Anayejidharau hukwepa masomo. Kwa hiyo dodoso halitoshi kumruhusu mtu kuingia maji marefu, bali huambatana na jaribio linalosimamiwa.

Kipimo kikirudiwa baada ya masomo ya mwanzo, alama zinaweza hata kushuka. Si lazima mafunzo yawe yameshindwa: huenda mwanafunzi ndiyo kwanza ameelewa alichokuwa akiulizwa.