Nani Aliamua Kwamba Usome Hili?

Miaka michache iliyopita, mwishoni mwa muhula wa pili, kijana mmoja aliingia ofisini kwangu akiwa na karatasi ya matokeo mkononi. Alikuwa mwaka wa tatu wa shahada ya hisabati, na tulifahamiana kwa sababu walimu watarajiwa hupita katika darasa langu la historia ya elimu. Aliniamkia, nikamwitikia, nikamwonyesha kiti. Hakuketi. Alikuwa amefeli somo la uchanganuzi wa namba halisi, akalifanyia mtihani wa marudio akafeli, akalibeba hadi mwaka uliofuata, akalifeli tena. Masomo mengine yote alikuwa amefaulu; katika takwimu alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Kwa kanuni za chuo, na kwa lugha ya wanafunzi wenyewe, alikuwa amedisko.

"Sikuja kuomba alama, Dokta," alisema. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Nani aliamua kwamba bila somo hili mtu hawezi kufundisha hisabati?"

Nilimjibu kwamba somo hilo limeorodheshwa miongoni mwa masomo ya lazima katika kitabu cha mwongozo wa chuo. Alinishukuru, akatoka. Nimeona haya kwa jibu lile tangu siku hiyo, kwa maana mtu anayejiita mwanahistoria wa elimu hapaswi kuifanya orodha kuwa sababu ya orodha. Makala haya ni jaribio la kumjibu, japo nimechelewa.

Tuanzie Cambridge, ambako katika karne ya 18 mitihani ya mabishano ya mdomo kwa Kilatini ilianza kuachia nafasi mtihani wa maandishi wa hisabati. Mtihani huo uliitwa Tripos, jina linalotokana na kigoda cha miguu mitatu alichokalia mhitimu aliyepewa kazi ya kubishana na watahiniwa na kuwatania. Aliyetaka shahada ya heshima ya Cambridge, hata kama nia yake ilikuwa kuwa padri, wakili au mbunge, alipaswa kupita hapo. Ulipoanzishwa mtihani wa heshima wa lugha na fasihi za Kiyunani na Kirumi mwaka 1824, sharti lilikuwa kwamba mtahiniwa awe kwanza amepata heshima katika hisabati. Sharti hilo lilidumu hadi miaka ya 1850.

Sababu iliyotolewa haikuwa ya kipuuzi. Wakuu wa chuo waliamini kwamba jiometri ya Euklidi na mekanika ya Newton hunyoosha akili, na kwamba akili iliyonyooka itahukumu vema kanisani, mahakamani na bungeni. Lakini sharti likishakuwa lango, watu huacha kuuliza linafundisha nini, wakauliza linapitwaje. Majina ya waliofaulu yalipangwa kwa cheo kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na nafasi ya juu iliweza kumpatia kijana riziki ya maisha. Wakazuka walimu wa kulipwa nje ya mihadhara rasmi, tungewaita leo walimu wa tuisheni. Mashuhuri kuliko wote, Edward Routh, aliandaa zaidi ya vijana 20 walioshika nafasi ya kwanza.

Madhara yake yanaonekana katika maisha ya watu. Thomas Macaulay, aliyeichukia hisabati, alikosa heshima katika mtihani huo mwaka 1822. Miaka 13 baadaye alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni India, akiandika waraka uliotetea elimu ya Kiingereza dhidi ya ile ya Kisanskriti na Kiarabu. Aliyewahi kuumizwa na orodha ya lazima hakusita kuwaandikia wengine orodha yake. Bertrand Russell, aliyefaulu katika nafasi ya saba mwaka 1893, alisimulia baadaye kwamba baada ya mtihani aliuza vitabu vyake vyote vya hisabati. Naye Philippa Fawcett, mwaka 1890, alipata alama zilizomweka juu ya mwanamume aliyetangazwa wa kwanza. Hakupewa shahada. Cambridge ilianza kuwapa wanawake shahada kamili mwaka 1948.

Wakati huohuo hisabati yenyewe ilikuwa ikikua mahali pengine. Huko Paris, École Polytechnique ilianzishwa mwaka 1794, katika joto la mapinduzi, ili kuipatia jamhuri wahandisi. Mwaka 1821 mhadhiri wake, Augustin-Louis Cauchy, alichapisha kitabu cha uchanganuzi kilichotaka kila hatua ya kalkulasi ithibitishwe kuanzia dhana ya kikomo. Hakuwa akitafuta ugumu kwa ajili ya ugumu. Wanahisabati wa zama zake walikuwa wakijumlisha mifuatano isiyo na mwisho kwa mazoea tu, na mazoea hayo yalianza kutoa majibu yanayopingana. Mtu anayejenga daraja kwa hesabu anapaswa kujua ni lini hesabu hiyo inaaminika. Hata hivyo wakuu wa chuo walimlalamikia kwamba anapoteza muda wa wahandisi kwa uthibitisho usiowahusu. Ugomvi tunaousikia leo katika vikao vyetu vya mitaala, kati ya uthibitisho na soko la ajira, una umri wa miaka 200.

Uingereza ilichelewa kuupokea uchanganuzi huo. G. H. Hardy, aliyeshika nafasi ya nne katika Tripos ya 1898, aliuona mtihani ule kuwa chanzo kimojawapo cha kudumaa kwa hisabati ya nchi yake. Alikuwa miongoni mwa waliopigania kufutwa kwa mpangilio wa vyeo, na orodha ya mwisho ya namna hiyo ilisomwa mwaka 1909. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa amechapisha kitabu cha hisabati tupu kwa wanafunzi wanaoanza chuo, kilichowaletea vijana wa Kiingereza ukali wa uthibitisho wa bara la Ulaya. Jambo la kuzingatia ni kwamba mtu yuleyule aliyetaka uthibitisho ufundishwe ndiye aliyetaka mbio za mtihani zikome. Kwake mambo hayo mawili hayakugongana.

Urithi huo ulitufikiaje? Makerere iliingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, ambapo shahada zilikuwa za London, na mitaala na mitihani ilihitaji ridhaa ya London. Chuo cha Dar es Salaam kilizaliwa chini ya utaratibu huohuo mwaka 1961, kikiwa na wanafunzi 13 wa sheria katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na miaka miwili baadaye Mlimani ikapata kitivo cha sayansi. Kwa hiyo mwanafunzi wa hisabati wa Mlimani alikuta meza imekwisha kuandaliwa: kalkulasi, aljebra, uchanganuzi, mekanika. Chakula kilikuwa kizuri, ila hakuna aliyemweleza kimepikwa kwa ajili ya njaa ipi.

Sisi nasi tuliongeza vyetu. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga sharti la kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao mamia yao. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha, na swali likaulizwa waziwazi: chuo hiki ni cha nani? Jibu mojawapo lilikuwa kozi ya pamoja kwa wanafunzi wote, ambayo baadaye ikawa Taaluma za Maendeleo na kupata taasisi yake mwaka 1973. Mwanafunzi wa hisabati naye alitakiwa ajue kwa nini mkulima wa pamba hapangi bei ya pamba yake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaongeza kwamba anayetaka chuo kikuu afanye kazi kwanza, apate na mapendekezo ya mahali pa kazi na ya chama.

Naziheshimu sababu hizo. Ziliandikwa, zikatetewa hadharani, zikapingwa hadharani. Lakini muulize mwanafunzi wa leo kwa nini anasoma Taaluma za Maendeleo. Atakwambia ni somo la kukariri madokezo katika ukumbi uliojaa hadi madirishani. Sababu imekufa, sharti linaishi. Ndivyo ilivyokuwa Cambridge katika karne ya 19, na ndivyo ilivyo katika kozi nyingi za uthibitisho tunazofundisha sasa, ambako kijana hukariri uthibitisho kama madokezo mengine, kisha tukamfelisha kwa kutoelewa kitu ambacho hatukumweleza kazi yake.

Nilisema nimechelewa. Miezi kadhaa baada ya kijana yule kuondoka, nilialikwa katika kikao cha kupitia mtaala. Upande mmoja ulitaka uchanganuzi uwe somo la hiari kwa sababu waajiri hawaulizi habari zake. Upande wa pili ulitaka ubaki kwa sababu "ndio unaochuja." Nilikaa kimya. Ningepaswa kusema kwamba pande zote mbili zimekosea. Mwalimu wa hisabati anahitaji uthibitisho kuliko mtu yeyote, maana mtoto wa kidato cha pili atamuuliza kwa nini hasi mara hasi ni chanya, na hapo "ndivyo ilivyo" si jibu. Kwa sababu hiyohiyo, somo hilo halipaswi kuwa chekeche. Ukitaka kuchuja, jenga chekeche. Ukitaka kufundisha, punguza ukubwa wa darasa, weka saa za mazoezi, na mweleze mwanafunzi tangu siku ya kwanza tatizo ambalo Cauchy alikuwa akilitatua.

Kwa ndugu zangu mlio katika wizara, tume na seneti za vyuo, ombi langu ni dogo na halihitaji bajeti. Kila somo la lazima liandikiwe aya moja katika kitabu cha mwongozo: linamhudumia nani, na mhitimu ataweza kufanya nini ambacho asingeweza bila hilo. Aya hiyo ipitiwe upya kila mtaala unapopitiwa. Somo ambalo wenyewe tunashindwa kuliandikia aya hatuna haki ya kumfukuzia mtu.

Nasikia kijana yule anafundisha hisabati katika sekondari moja ya binafsi, bila shahada, kwa mshahara wa asiye na shahada. Wanaomfahamu wanasema wanafunzi wake wanampenda kwa sababu hachoki kuulizwa kwa nini.