Mji Uliogeuka Dahalia: Historia ya Makazi na Utumishi wa Wanafunzi wa Kindu

Kila unapowadia mwanzo wa mwaka wa masomo, huingia Kindu vijana kutoka wilaya zote saba za jimbo la Maniema, yaani Kabambare, Kailo, Kasongo, Kibombo, Lubutu, Pangi na Punia, wengine wakiwa wamepakiwa juu ya pikipiki katika njia zilizoharibiwa na mvua, wengine kwa mitumbwi ya mto Lualaba, wengine kwa gari la moshi ambalo safari zake hazina ahadi ya siku wala saa. Na kabla hawajauliza habari za mwalimu wala za kitabu, hutangulia kuulizia chumba.

Vyuo vikuu vya kale vya Kongo vilianza na mabweni, ama Chuo Kikuu cha Kindu kimekulia katikati ya wenyeji, na wanafunzi wake walio wengi hulala katika nyumba za watu: kwa mjomba, kwa shangazi, kwa rafiki wa marehemu baba, au katika chumba cha kupanga wanachochangia kodi wawili watatu, hata ikawa mtu akiuliza dahalia ya chuo hiki iko wapi, jawabu la haki ni kumwonyesha mitaa ya Kasuku, Mikelenge na Alunguli. Asili ya jambo hili ni ya zamani kuliko chuo chenyewe, na ndani yake mna deni ambalo elimu ya juu inadaiwa na wenyeji wa mji; nami nakusudia kueleza deni hilo lilivyotokea na jinsi linavyostahili kulipwa.

Walipofika Waarabu na Waungwana kutoka pwani ya mashariki na kufanya maskani Nyangwe na Kasongo, katika karne ya 19, walikuja na biashara ya pembe na ya watumwa, ambayo dhuluma yake haifichiki wala haistahili kufichwa. Lakini walikuja pia na lugha hii tunayoiandika, na kilimo cha mpunga, na dini ya Kiislamu pamoja na darasa zake. Msafiri Livingstone aliikuta Nyangwe mwaka 1871 ikiwa soko kubwa, na baada yake Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, akaifanya Kasongo kuwa makao ya ufalme wake wa biashara. Katika miji hiyo ilienea desturi ya pwani ya kusoma kwa mwalimu, na talaba aliyetoka mbali hakuwa na pa kukaa ila nyumbani kwa yule amsomeshaye, akila katika sinia moja na watoto wa nyumba, naye akiteka maji, akitafuta kuni na kulima shamba la mwalimu wake. Kwa hiyo elimu, malazi na utumishi vilikuwa kitu kimoja, wala hakuna aliyedhani kwamba mtu aweza kupokea cha kwanza na cha pili asitoe cha tatu.

Vita vya mwaka 1892 hadi 1894 viliiondoa dola ya Waarabu na Waungwana, na utawala wa Wabelgiji ukaleta reli. Njia ya kutoka Kindu mpaka Kongolo, yenye urefu wa kilomita 355, ilikamilika karibu na mwaka 1910 ili kuyapita maporomoko yanayozuia meli, na Kindu, iliyopata hata kuitwa Kindu-Port-Empain kwa heshima ya tajiri Édouard Empain aliyemiliki kampuni ya reli, ikawa bandari na stesheni: mahali ambapo mzigo unashuka melini na kupandishwa garini. Tangu asili yake, basi, mji huu ulizoea kupokea wapitao njia, na wengi katika wakazi wake ni wana au wajukuu wa watu waliofika kwa kazi wakabaki.

Serikali ya kikoloni iliweka elimu karibu yote mikononi mwa misheni, na shule za bweni zilizojengwa na mapadri zikawa ndizo ngazi ya kupandia; ila ngazi hiyo haikuwafikia wote sawasawa, kwa kuwa jimbo lenye Waislamu wengi kama Maniema lilikuwa na wazazi waliohofu kwamba mtoto wao akienda bwenini atarudi na dini nyingine, nazo madrasa zao hazikupata msaada wa serikali. Matokeo yake yalionekana miaka ya baadaye, lilipofunguliwa lango la chuo kikuu na watoto wa Maniema waliokuwa tayari kuingia wakawa wachache.

Lango hilo lilifunguliwa mwaka 1954, kilipoanzishwa chuo cha Lovanium juu ya kilima cha Amba, nje ya Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, chini ya uongozi wa Monsinyori Luc Gillon. Na mwaka 1956 serikali ikafungua chuo chake Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Lovanium ilikuwa mji mzima peke yake, wenye mabweni, mabwalo ya kulia chakula, kanisa, hospitali na, tangu mwaka 1959, hata tanuri la nguvu za atomiki. Na kijana aliyepokewa humo alipata chumba, chakula na posho, akaishi mbali na makelele na shida za vitongoji vya watu wake. Hisani hiyo ilikuwa kubwa, na kwa nchi ambayo ilipata uhuru mwaka 1960 ikiwa na wahitimu wa chuo kikuu wachache mno, haikuwa hisani ya kubezwa. Hata hivyo ilikuwa na kasoro yake, nayo ni kwamba msomi alilelewa kwa fedha ya umma mahali ambapo haoni umma wala umma haumwoni.

Kwa mwana wa Kindu, kusoma kulikuwa kwanza ni safari. Akitaka Élisabethville alishika njia ya kusini, kwa reli iliyofuatana na mto na kisha ikauacha. Akitaka Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, ambako Waprotestanti walifungua chuo chao mwaka 1963, alipanda meli mpaka Ponthierville, inayoitwa sasa Ubundu, kisha akamaliza kilomita 125 kwa gari la moshi. Chuo hicho cha Stanleyville hakikutimiza mwaka ila kikapatwa na maasi ya Simba ya 1964, na wanafunzi na walimu wake wakahamia Léopoldville kwa muda.

Utulivu wa mabweni haukudumu. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Kinshasa waliandamana kudai posho iliyo bora na sauti katika uendeshaji wa vyuo vyao, na askari wakawapiga risasi. Walipokusanyika kuwakumbuka wafu wao mwaka 1971, serikali ya Mobutu ilikifunga chuo cha Lovanium na kuwaandikisha jeshini wanafunzi wake. Mwaka huo huo vyuo vitatu vikaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire (jina jipya la Kongo), na matawi ya elimu yakagawanywa: lugha na sayansi za jamii zikapelekwa Lubumbashi, ualimu na elimunafsi Kisangani, sheria na utabibu Kinshasa. Kwa mpango huo kijana wa Maniema hakuwa na hiari ya kuchagua mji ulio karibu naye. Fani aliyoipenda ndiyo iliyomwamuru aende wapi, na serikali iliyomwamuru hivyo ikawa imejitwika dhamana ya kumpa pa kulala.

Dhamana hiyo iliishinda. Idadi ya wanafunzi iliongezeka mwaka hata mwaka, lakini majengo yalibaki yale yale, na kadiri uchumi wa Zaire ulivyoporomoka ndivyo posho ilivyopungua, mabwalo ya chakula yakafungwa, na chumba kilichokusudiwa kwa mtu mmoja au wawili kikalaza watano na zaidi. Wale wasioandikwa katika daftari la bweni, ambao wenzao waliwapa kipande cha sakafu kwa siri, waliitwa maquisards, kama kwamba ni wapiganaji waliojificha msituni. Mwaka 1981 vyuo vilitenganishwa tena, bila mabweni kupata nafuu. Halafu ukaja usiku wa tarehe 11 kuamkia tarehe 12 Mei 1990, ambapo watu wenye silaha waliingia katika mabweni ya wanafunzi wa Lubumbashi wakaua; hesabu ya waliokufa ilibishaniwa, Ubelgiji ikasimamisha misaada yake, na wazazi wa nchi nzima wakajua kwamba bweni la serikali laweza kuwa mahali pa kufikwa na mauti.

Utumishi kwa jamii nao ulikuwa na historia yake ya masikitiko. Katika zama za Mobutu kazi ya pamoja iliitwa salongo: raia waliamrishwa kufyeka, kufagia na kuzibua mifereji, na mwanafunzi pamoja nao, chini ya jicho la chama tawala, hata jambo lililo jema kwa asili yake likachukiwa kwa sababu ya fimbo iliyoliongoza. Tanzania nayo ilipata mtihani wake, maana Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga sheria ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawafukuza zaidi ya 300 kwa hasira ya mtu aliyeona kwamba waliosomeshwa na wakulima wanakataa kuwatumikia wakulima, kisha akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Nchi hizi mbili zilifuata njia zilizohitilafiana sana, lakini zote mbili zinatufunza kwamba utumishi hauoti mizizi kwa amri tupu, na kwamba mtu hulipa kwa moyo mweupe deni analoliona kwa macho yake.

Vita vya 1998 mpaka 2003 viliipata Kindu kwa ukali. Mji ulitekwa Oktoba 1998 na waasi wa kundi la RCD, wanamgambo wa Mai-Mai wakaishika misitu na vijiji vya pande zote, reli ikanyamaza, na bidhaa zikawa hazifiki ila kwa ndege. Kijana aliyemaliza shule ya sekondari wakati huo hakuwa na njia ya kufika Lubumbashi wala Kisangani, na hata njia zilipofunguka, mzazi aliyepoteza mifugo na mavuno hakuwa na nauli ya kumpeleka. Hapo ndipo haja ya masomo ya juu papo hapo mjini ilipodhihiri kuwa haja ya lazima. Kindu ilikuwa tayari na Chuo cha Juu cha Ualimu, ISP. Mwanzoni mwa karne hii kikaongezeka kituo cha chuo kikuu, ambacho mwaka 2010 kilipewa mamlaka ya kujitegemea, kikawa Chuo Kikuu cha Kindu. Hazina ya serikali haikuwa na fedha ya kujengea mji wa pili wa Lovanium, na mlango ambao dola haikuweza kuufungua ukafunguliwa na raia.

Yafaa kuitazama vizuri hisani hiyo, kwa sababu imekuwa ya kawaida hata haitajwi. Mama auzaye mihogo sokoni humpokea mwana wa dada yake kwa miaka mitatu au mitano ya masomo, humpikia sombe na wali pamoja na watoto wake, humwachia taa usiku anapojitayarisha kwa mtihani, na hamdai ila adabu na msaada wa kazi za nyumbani. Mwenye nyumba akodishaye chumba huvumilia mara nyingi kodi iliyochelewa, kwa kuwa ajua mavuno ya mzazi aliye Kabambare hayafiki sokoni kabla njia haijakauka. Aliyepata malazi Alunguli, ng'ambo ya mashariki, huvuka Lualaba kwa mtumbwi au kivuko kwenda kusoma, mvua inyeshe au jua liwake, na kila kuvuka kuna gharama yake.

Si kila mlango ulio wazi ni salama, na kuipamba desturi hii kuliko kweli yake kutakuwa ni kuwadhulumu wanaoumia ndani yake. Binti aliyetoka mbali, ambaye hana jamaa mjini wala mkataba wowote wa maandishi, yumo katika rehema ya mwenye nyumba; akitakiwa jambo lisilo la heshima, hana wa kumshitakia, na akifukuzwa katikati ya mitihani, mwaka wake wa masomo umepotea. Ukarimu usio na kanuni huwalinda wale tu walioangukia kwa watu wema.

Vyuo vikuu vya Kongo vinatambua kazi tatu zilizo wajibu wao: kufundisha, kutafiti na kuitumikia jamii. Hii ya tatu ndiyo ambayo hutajwa kwa ufasaha katika hotuba na kutengewa kidogo katika bajeti. Kwa Kindu ingepasa kuwa nyepesi kuliko popote, kwa kuwa jamii inayotakiwa kutumikiwa ndiyo ile ile ambayo mwanafunzi anaamka ndani yake kila asubuhi. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na jembe la mwanafunzi ni elimu aliyo nayo. Mwanafunzi wa utabibu aweza kufundisha mtaani namna ya kusafisha maji ya kunywa na dalili za homa zinazotaka hospitali bila kukawia. Wa kilimo ana mpunga wa Maniema, ambao ni chakula na fedha ya maelfu ya nyumba, na maradhi yake na mbegu zake ni masomo tosha. Wa sheria aweza kumsaidia mjane kuandika shauri la kiwanja chake. Wa ualimu aweza kukaa jioni na watoto wa nyumba aliyopanga, akawafundisha kusoma.

Ili mambo haya yasiachwe kwa bahati, yafaa chuo, pamoja na manispaa za Kasuku, Mikelenge na Alunguli, kiweke daftari la nyumba zinazopokea wanafunzi, kitoe mfano wa mkataba mfupi kwa Kiswahili ambao mwenye nyumba na mpangaji watautia saini mbele ya mkuu wa mtaa, kiteue mwanamke wa kupokea mashitaka ya mabinti na kuyafuatilia, na kihesabu utumishi wa mtaani kuwa sehemu ya masomo yenye alama, kama yanavyohesabiwa mazoezi ya kazi hospitalini na shuleni. Katika hayo hakuna hata moja lingojealo fedha ya mfadhili kutoka ng'ambo. Mabweni na yajengwe siku serikali itakapopata uwezo, na yatangulie ya mabinti. Lakini hata siku hiyo chuo kisitamani kujitenga juu ya kilima, kwa maana kimepewa tangu kuzaliwa kwake kitu ambacho Lovanium kwa utajiri wake wote haikukipata, yaani msomi anayejua bei ya unga, ugonjwa wa mtoto wa jirani na jina la kila mtu aliyemsaidia kufika alipofika. Msomi wa namna hiyo, akilindwa na kanuni na kupewa njia ya kulipa, ndiye ambaye Maniema imemhitaji tangu lilipofunguliwa lango la kwanza.