Mapatano ya Kutozuiana: Urusi, China na Utangamano wa Eurasia

Septemba 2013, Rais wa China Xi Jinping alitangaza mpango wa Ukanda wa Kiuchumi wa Njia ya Hariri akiwa Astana, Kazakhstan. Kabla mwaka haujatimia, Mei 2014, Urusi, Belarus na Kazakhstan zilitia saini katika mji huohuo mkataba wa Umoja wa Kiuchumi wa Eurasia, ambao mwaka 2015 ulizipokea pia Armenia na Kyrgyzstan. Wapo walioona hapo fahali wawili katika zizi moja. Wengine, baada ya Urusi na China kutangaza mwezi Mei 2015 kwamba zitaiunganisha mipango hiyo, waliona kambi mpya ikizaliwa. Makala hii inadai kwamba kilichopo si vita wala muungano, bali ni mapatano ya kutozuiana, na kwamba uhai wake umo katika mipaka yake.

Mipango hii miwili haifanyi kazi moja. Umoja ni chombo cha kanuni: una ushuru mmoja wa forodha dhidi ya bidhaa za nje na Tume yenye makao yake Moscow. Mpango wa China hauna ushuru wa pamoja. Unakuja na mikopo, reli na mabomba. Mkataba uliotiwa saini mwaka 2018 kati ya Umoja na China ulishughulikia taratibu za forodha, viwango vya ubora na hakimiliki, lakini haukupunguza ushuru hata kidogo. Baadhi ya wachambuzi wanauhesabu kuwa umefeli. Hoja hiyo inasahau kwamba ushuru ndio ngao ya viwanda vya Urusi na Belarus. Ukiondolewa kwa China, Umoja wenyewe unabaki jina.

Khorgos, mpakani mwa Kazakhstan na China, panaonyesha jinsi mapatano haya yanavyofanya kazi. Reli ya China ina upana wa milimita 1,435. Ile iliyorithiwa kutoka enzi za Kisovieti ina 1,520. Makontena huhamishwa kwa winchi kutoka behewa hadi behewa. Kuanzia hapo hadi Brest, mpakani mwa Belarus na Poland, mzigo hupita ndani ya eneo moja la forodha. Kwa hiyo treni ya China inafaidi kanuni ambazo Urusi ilizisimamia kwa sababu zake yenyewe. Kazakhstan nayo haikusimama kando: mwaka 2017 kampuni za China zilipata asilimia 49 ya bandari kavu ya Khorgos, huku shirika la reli la taifa likibaki na sehemu kubwa zaidi.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba vita vya Ukraine tangu 2022 vimevuruga mizani. Urusi iliyowekewa vikwazo inaitegemea China kuliko China inavyoitegemea. Tena, Juni 2024 China, Kyrgyzstan na Uzbekistan zilitia saini makubaliano ya reli isiyogusa ardhi ya Urusi, mradi uliokuwa umekwama kwa zaidi ya miaka 20. Hayo ni kweli, lakini hayamalizi hoja. Sehemu kubwa ya mafuta yanayouzwa nje na Kazakhstan bado hupita katika bomba linaloishia karibu na Novorossiysk, katika pwani ya Urusi. Anayeweza kufunga bomba hajawa mfuasi tu.

Kwa hiyo utangamano wa Eurasia usipimwe kwa matamko ya marais. Upimwe kwa maswali matatu: nani anapanga ushuru, nani anamiliki bandari, na nani ana njia ya pili ya kupitisha mzigo wake. Mataifa ya katikati yana nguvu ya kujadiliana maadamu majibu ya maswali hayo ni tofauti. China imewahi kupendekeza eneo huru la biashara ndani ya Jumuiya ya Ushirikiano ya Shanghai, na Urusi haijalichangamkia. Ikilikubali siku moja, hiyo itakuwa ishara kwamba mapatano ya kutozuiana yamekwisha na kwamba dola moja limebaki kupanga kanuni.