Sabika, Wala si Mchanganyiko

Katika gereji moja ya Ukonga, Dar es Salaam, upande wa mtaa uitwao Mombasa, fundi alinitilia kiganjani beringi ya konrodi iliyotoka katika injini iliyonoki: nusu duara jembamba, mgongo wake feleji, na usoni tabaka la kijivu la alumini na bati, lililochubuka. Nami nilipokuta katika kijitabu cha mwanagenzi wake kwamba tabaka hilo limeitwa "mchanganyiko mwepesi", niliona haya kwa ajili ya lugha yetu. Kwani mchele na chuya ndio mchanganyiko, navyo ungo huvitenga.

Wanakamati fulani, waliokalia viti pasi na kunusa moshi wa kalibu, hutujibu kwa aloi, neno la Kiingereza lililopitia Kifaransa cha kale, na asili yake Kilatini, kwa maana ya kufunga pamoja; nalo kwetu halina mzazi wala jamaa. Mimi nashikilia sabika. Waarabu husema sabaka, yaani kuyeyusha madini na kuyamimina katika kalibu, na kitokacho humo wakakiita sabika. Nasi watu wa pwani tangu kale twasema kusubu, litokanalo na sabba, kumimina. Mizizi ni miwili, lakini kazi ni moja, na sikio lililolelewa na kusubu halitaiona sabika kuwa ajinabi.

Hasimu wangu mmoja amedai kwamba beringi hii hasa yanipinga, maana alumini na bati zikisha kuganda haziyeyukiani: katika sabika mashuhuri yenye bati asilimia 20 na shaba asilimia 1, bati hubaki mbali, limetanda kama wavu ndani ya alumini. Ni kweli, na ndiyo faida yake. Kwani alumini hustahimili mzigo unaoilemea metali nyeupe ya Isaac Babbitt ya mwaka 1839, na bati laini humeza vumbi na kuihifadhi shafti mafuta yapungukapo. Lakini hakuna ungo wa kulitenga bati hilo. Moto ndio uliovikutanisha, bati likiyeyuka kwa nyuzi 232 na alumini kwa 660 za selsiasi, na jina lapasa kuushuhudia moto huo.

Beringi na ibaki beringi, mafundi wamekwisha kuimiliki. Tuandike "beringi ya sabika ya alumini", ngeli ya i-zi.

Fundi yule, nilipokwisha kumweleza, aliukwaruza uso wa lile nusu duara kwa ukucha, akautazama mkwaruzo, akanena: "Kumbe hii imesubiwa, mzee." Kijitabu kizima hakikuwa kimemwambia hivyo.