Mafuta ya Omani na Hekima ya Falaji

Tarehe 27 Julai 1967 shehena ya kwanza ya mafuta ghafi ya Omani ilipakiwa melini katika bandari ya Mina al Fahal, karibu na Maskati, na nchi ambayo kwa karne nyingi ilikuwa imeishi kwa tende, kwa samaki na kwa majahazi yaliyofuata pepo za msimu hadi Unguja na Mombasa, ikaingia siku hiyo katika jamaa ya mataifa yanayouza hazina ya chini ya ardhi.

Neema hiyo haikuja kwa wepesi. Kisima cha kwanza cha Fahud, huko jangwani, kilichoanza kuchimbwa mwaka 1956, kiliambulia patupu, ijapokuwa mafuta yalilala mita mia chache tu kando yake. Mwaka 1960 wabia wengi wa kampuni iliyokuwa ikiyatafuta wakakata tamaa, wakajitoa. Lakini waliosubiri wakajaliwa kuyapata Yibal mwaka 1962, Natih mwaka 1963, na hatimaye Fahud kwenyewe mwaka 1964.

Mwaka huo huo wa 1956, baidi na jangwa hilo, mtaalamu wa miamba M. King Hubbert alisimama mbele ya wenzake mjini San Antonio, Texas, akawaeleza jambo lisilowapendeza: kwamba uchimbaji wa mafuta nchini mwao ungepanda, ungefika kileleni baina ya 1965 na 1970, kisha ungeteremka. Kilele kikafika 1970. Ni kweli kwamba baadaye maarifa ya kupasua miamba yaliuinua tena uchimbaji wa Marekani, hata mwaka 2018 ukapita kile kilele cha kale. Lakini funzo la Hubbert halikubatilika, nalo ni kwamba mteremko huanzia pale pale penye wingi, siku ambayo macho ya wanadamu yamepumbazwa na neema.

Omani iliyashuhudia hayo. Tangu Sultani Qaboos aliposhika ufalme mwaka 1970, fedha za mafuta zilijenga barabara, hospitali na skuli katika nchi iliyokuwa na skuli tatu tu, na Waomani waliozaliwa Unguja na kulelewa kwa Kiswahili wakarejea kushiriki ujenzi huo. Kumbe huko Yibal, maji yaliyosukumwa ardhini ili kuyaondosha mafuta yalikuwa yakivifikia visima, na visima vilivyochimbwa kwa ubavu, vilivyotarajiwa kurefusha umri wa hazina, vikawa aghalabu vinatoa maji mengi kuliko mafuta. Nchi iliyokuwa ikitoa mapipa yapatayo 960,000 kwa siku mwaka 2001 ilibakiwa na yapatayo 710,000 mwaka 2007.

Kwa jitihada kubwa, na kwa mvuke uliopenyezwa ardhini kulainisha mafuta mazito kama yale ya Mukhaizna, uchimbaji ulipanda tena hata ukavuka mapipa 1,000,000 kwa siku mwaka 2016. Lakini pipa linalopatikana hivyo hudai moto, maji na gharama ambazo pipa la 1967 halikudai. Na uchumi unaotaka kukua kila mwaka kwa kitu kinachozidi kuwa kigumu kupatikana unajitwika mzigo unaoongezeka njiani.

Wahenga wa nchi hiyo hiyo waliijua mizani. Katika mifereji yao ya kale iitwayo aflaji, na mmoja wake falaji, ambayo mitano kati yake iliingizwa mwaka 2006 katika urithi wa dunia wa UNESCO, maji hugawanywa kwa muda, ambao tangu jadi ulipimwa mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota, na mwenye zamu fupi hapandi shamba la zamu ndefu. Nao walikuwa na tumaini la mvua kuijaza falaji tena, ilhali mafuta hayana mvua inayoyarudisha. Kwa hiyo dira iliyoandikwa Omani mwaka 1995, visima vikiwa bado vinabubujika, ya kutafuta riziki nje ya mafuta ifikapo 2020, ilikuwa tendo la busara, hata kama safari yake haijatimia: maana zamu hupangwa wakati maji yangali yakipita.