Maktaba Tuli, Maktaba Shirikishi na Programu ya Lugha Mbili

Aliyesoma fizikia ya sekondari analijua neno tuli: umeme tuli ni ule uliotulia mahali pamoja. Kwa hiyo maktaba tuli inaeleweka upesi. Ni ile ambayo msimbo wake unanakiliwa ndani ya programu wakati wa kuunganisha, ukabaki humo. Mwenzake ndiye mwenye ubishi. Wengine humwita maktaba dainamiki, wengine maktaba badilifu, jina linalopotosha kwa sababu hakuna kinachobadilika: faili inakaa nje, inapakiwa programu inapowashwa, na programu nyingi zinaitumia kwa pamoja. Mimi naandika maktaba shirikishi.

Anayetumia lugha moja haulizwi sana, kompaila humchagulia. Matata huanza lugha zinapochanganywa, kwani kila lugha huja na maktaba yake ya utekelezaji, yaani msimbo wa kuomba kumbukumbu, kufungua faili na kuandika kwenye skrini, ambao mwandishi wa programu hauoni. Chukua programu ya C inayoita hesabu za Fortran. Si mambo ya kale hayo: LAPACK, maktaba ya hesabu za matriki iliyotoka mwaka 1992, imeandikwa kwa Fortran, na mara nyingi hesabu za matriki za R na NumPy bado hupitia kwake.

Unganisha faili zako kwa gcc, na kama upande wa Fortran unaandika chochote, kiunganishi kitalalamika: undefined reference to `_gfortran_st_write'. Jina hilo hukuliandika popote. Kompaila ya Fortran ndiyo iliyogeuza amri yako ya write kuwa mwito kwa maktaba yake, libgfortran, na gcc haina habari nayo. Ongeza -lgfortran, yataisha. Kisha hamishia programu kwenye seva ya CentOS 7, nayo inagoma kuwaka: inadai libgfortran.so.5, toleo lililokuja na GCC 8 mwaka 2018, wakati seva ina libgfortran.so.3. Amri ya ldd ingekuonyesha mapema.

Dawa ya haraka ni kuunganisha kwa gfortran ukiweka -static-libgfortran. Naipenda, kwa sababu inanakili maktaba ya Fortran na kuiacha glibc, yaani maktaba ya C ya Linux, nje, shirikishi kama ilivyo. Ila glibc nayo ina matoleo, hivyo programu ijengwe kwenye mfumo wa zamani kuliko yote unayokusudia kuihudumia. Kutuliza kila kitu kwa -static kunavutia, lakini glibc haikubali kirahisi: ukitumia getaddrinfo, inayotafuta anwani za mtandao, kiunganishi kinakuonya kwamba programu bado itahitaji maktaba shirikishi za glibc ileile wakati wa kuendeshwa. Utuli wa nusu nusu.

Kibaya zaidi ni nakala mbili za maktaba moja ndani ya programu moja. Kwenye Windows, kompaila ya Microsoft ina /MT kwa tuli na /MD kwa shirikishi. DLL, yaani maktaba shirikishi ya Windows, iliyojengwa kwa /MT hubeba nakala yake ya maktaba ya C, yenye orodha yake ya faili zilizofunguliwa na errno yake. Fungua faili humo kwa fopen, kabidhi kielekezi cha FILE kwa programu kuu ya /MD, na programu inaweza kuanguka papo hapo, maana nakala ya pili haiitambui faili hiyo. Kumbukumbu pia: upande ulioiomba ndio uiachilie. Kwa hiyo kabla ya kubishana tuli au shirikishi, hakikisha vipande vyote, vya lugha zote, vimejengwa kwa chaguo lilelile. DLL zikiwa nyingi, nachagua /MD bila kusita.

Usalama nao una neno. Heartbleed, kasoro ya maktaba ya usimbaji fiche ya OpenSSL, ilipofichuliwa mwaka 2014, waliotumia OpenSSL shirikishi walisasisha maktaba hiyo na kuwasha huduma upya. Wenye nakala tuli walilazimika kujenga upya kila programu.

Kuna kero moja isiyotibiwa na chaguo lolote, liwe tuli au shirikishi. Printf ya C na write ya Fortran zina bafa tofauti, hivyo matokeo yakielekezwa kwenye faili, mistari hupishana na mpangilio huvurugika. Ita fflush(stdout) kabla ya kuingia Fortran, na flush kabla ya kurudi C.