Gitaa, Nyatiti na Sauti Safi: Vyombo vya Benga katika Nyanza ya Kusini

Utangulizi

Historia ya muziki wa benga imezoea kuelezwa kwa kufuata majina ya waimbaji na bendi zao. Makala haya yanashika njia nyingine. Yanatazama vyombo vyenyewe, yaani gitaa la umeme, mashine ya kukuza sauti ambayo wanamuziki huiita amplifaya, na vile visanduku vya kukanyagwa kwa mguu viitwavyo pedali. Kisha yanauliza swali moja. Kwa nini mpigaji wa benga, aliyepata gitaa la aina ile ile aliyoitumia mpigaji wa bluzi na roki wa Marekani, alilipiga kwa namna iliyo kinyume kabisa na ya mwenzake? Mara nyingi hujibiwa kwamba ni kwa sababu ya uhaba wa vifaa. Rai yetu ni kwamba uhaba ulikuwepo, lakini sababu kubwa zaidi imo katika lugha na katika nyatiti.

Mahali na watu

Kaunti za Homa Bay na Migori, zilizoanza kazi mwaka 2013 chini ya Katiba ya mwaka 2010, hapo zamani zilikuwa sehemu ya wilaya moja ya Nyanza ya Kusini, na makao yake makuu yalikuwa mjini Homa Bay. Wajaluo ndio wengi huko, nao wanakaa pamoja na Wasuba wa visiwani na kandokando ya ziwa, na Wakuria wa upande wa mpakani. Mpaka wenyewe, unaovukwa pale Isebania, haukugawa lugha wala ngoma: Dholuo husemwa pia upande wa Tanzania, katika sehemu za Shirati. Daniel Owino Misiani, aliyekuja kuwa mpigaji mashuhuri kuliko wote wa benga, alizaliwa huko mwaka 1940, na bendi yake iliyositawi nchini Kenya ikachukua jina la kwao, Shirati Jazz. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba benga ni muziki wa Kenya asema kweli, lakini si kweli yote.

Kabla ya gitaa, chombo kikuu cha Wajaluo kilikuwa nyatiti. Ni chombo cha nyuzi nane, chenye bakuli lililowambwa ngozi. Mpigaji hukaa chini juu ya kigoda kifupi, mikono yake miwili ikidonoa nyuzi, na kidole gumba cha mguu kikiwa kimevishwa pete ya chuma iitwayo oduong'o, ambayo hugongwa kwenye ubavu wa chombo ili kutunza mwendo. Mguuni huvaa njuga ziitwazo gara. Hivyo mtu mmoja ni mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma kwa wakati mmoja. Wakuria nao wana iritungu, chombo cha jamii hiyo hiyo chenye sauti nzito zaidi.

Gitaa kavu na gitaa la umeme

Gitaa lilienea sana Afrika ya Mashariki baada ya Vita Kuu ya Pili, na wengine waliolileta ni askari wa King's African Rifles waliorudi kutoka vitani. Lililojulikana zaidi lilikuwa gitaa lisilo la umeme, ambalo Kiswahili kimeliita gitaa kavu. Magitaa ya Gallotone yaliyotengenezwa Afrika ya Kusini yalienea kiasi kwamba wanamuziki wa Tanzania wakaunda neno galatoni kwa gitaa la namna hiyo. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, huko Kongo. Upigaji wake wa kidole gumba na kidole cha shahada, gumba likishika nyuzi nene na shahada ikicheza nyembamba, ukawa shule ya wapigaji wengi wa nchi zetu.

Kwa mtu aliyelelewa karibu na nyatiti, somo hilo halikuwa geni, kwani alikwisha kuzoea kusikia sauti mbili zikifumana katika chombo kimoja. Lugha yenyewe inashuhudia. Katika Dholuo, thum ni muziki, na pia ni chombo cha nyuzi. Jathum ni mwanamuziki, na tendo lake huelezwa kwa kitenzi goyo, yaani kupiga. Gitaa lilipofika halikuhitaji kitenzi kipya, kama vile Kiswahili nacho kilivyosema kupiga gitaa kama kilivyosema kupiga zeze. Chombo kilikuwa cha kigeni, lakini tendo lilikuwa na jina tangu zamani.

Gitaa la umeme ndilo lililoivika benga umbo tulijualo, katika miaka ya 1960. Katika gitaa hili vifaa vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi hunasa mtetemo wake na kuugeuza kuwa umeme, na amplifaya huukuza umeme huo na kuupeleka kwenye spika. Sababu ya kulihitaji ilikuwa moja kila mahali. Muddy Waters alihamia Chicago mwaka 1943, naye akachukua gitaa la umeme kwa kuwa gitaa kavu halikusikika katika kelele za vilabu. Huku kwetu pia, umati wa watu wanaocheza huizima nyatiti pamoja na gitaa kavu. Tofauti ni kwamba vijiji vingi vya Nyanza ya Kusini havikuwa na umeme, na bendi ilipokwenda kupiga huko ilibidi iende na jenereta yake.

Njia mbili za sauti moja

Hapa ndipo njia zinapoachana. Wapigaji wa bluzi waligundua kwamba amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake, sauti hupasuka na kukwaruza, nao wakaupenda mkwaruzo huo kwa sababu ulifanana na koo la mtu anayelia. Viwanda vikaanza kuuuza mkwaruzo wenyewe ndani ya kisanduku: pedali ya Maestro ilitolewa mwaka 1962, na mwaka 1967 ikaja ile inayolifanya gitaa litamke kama mdomo unaofunguka na kufumba. Jimi Hendrix alizitumia pedali za namna hizo mpaka zikawa sehemu ya ufundi wake. Katika mtindo huo gitaa humpokonya mwimbaji kazi yake.

Mpigaji wa benga hakutaka hivyo. Katika santuri za benga za miaka ya 1970 sauti inayotawala ni safi, kavu na kali, na kila noti husimama peke yake kama punje ya mtama. Twaweza kutaja sababu mbili.

Ya kwanza ni mgawanyo wa kazi. Kazi ya mtu mmoja wa nyatiti iligawiwa watu kadhaa: gitaa la solo na gitaa la pili zilichukua nafasi ya mikono miwili, besi ikachukua nyuzi nzito, na ngoma ikashika kazi ya oduong'o. Sauti zinazofumana hivyo zadai usafi. Mkwaruzo wa pedali hurefusha noti na kuzichanganya, hata msikilizaji asitambue ni gitaa lipi lililouliza na ni lipi lililojibu. Kile ambacho kwa mpigaji wa bluzi kilikuwa machozi, kwa mpigaji wa benga kingekuwa tope.

Ya pili ni lugha. Dholuo ni lugha ya toni, na kupanda au kushuka kwa sauti ni sehemu ya maana ya neno. Katika benga waimbaji hutoa ubeti, kisha gitaa la solo huufuata au kuujibu. Msikilizaji aliyezoea huusikia ubeti tena katika nyuzi. Tena ubeti huo aghalabu ulikuwa na uzito. Misiani, aliyeitwa Mwalimu, alisifika kwa kusema mambo ya utawala na ya jamii kwa mafumbo na visa vya wanyama, hata akagombana na wakubwa. Fumbo halifumbuliwi ikiwa halisikiki. Tukumbuke pia desturi ya pakruok, ambapo msikilizaji hutoa fedha ili asimamishe muziki na kujisifu, au kumsifu rafiki au mahali alikotoka. Wakati huo vyombo havina budi kushusha sauti na kuyapisha maneno. Mtindo wa gitaa linalolia bila kukoma usingeweza kuishi katika adabu ya namna hiyo.

Gitaa halikunyimwa uhuru wake, ila lilipewa mahali. Santuri ndogo ziligawa wimbo sehemu mbili, mara nyingi sehemu ya kwanza ikiwa ya maneno na ya pili ikiwa ya kilele, ambapo waimbaji hunyamaza na magitaa hukimbia. Maneno yakisha kusema yao, nyuzi hupewa zamu.

Mwenye vyombo

Vyombo hivi vilikuwa na bei kubwa, na bei iliathiri historia. Katika bendi za Afrika ya Mashariki mwenye vyombo ndiye mwenye bendi; mpigaji hodari asiye na gitaa alikuwa kibarua. Ndiyo maana majina yalizidi kuongezeka wakati wapigaji ni wale wale. Ochieng Nelly na Collela Mazee, pamoja au kila mmoja peke yake, waliongoza bendi kadhaa zenye majina ya Victoria Jazz na Victoria Kings tangu mwaka 1972 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mtafiti anayehesabu bendi kwa majina ya kwenye santuri atahesabu mtu mmoja mara tatu.

Mfano wa ajabu zaidi wa jina ni wa Phares Oluoch Kanindo, mtoaji wa santuri aliyepata pia kuwa Mbunge wa Homa Bay. Santuri zake zilifika hadi Zimbabwe, na huko watu wakauita muziki wenyewe kanindo. Athari yake ikaingia katika sungura, muziki wa magitaa wa nchi hiyo. Jina la mfanyabiashara limekuwa nomino ya kawaida katika lugha za watu ambao hawakupata kumwona.

Hitimisho

Misiani alifariki katika ajali ya barabarani mjini Kisumu mwezi Mei mwaka 2006. Katika miaka hiyo hiyo ohangla, ambayo asili yake ni ngoma, ilipata nguvu mpya kwa kuunganishwa na kinanda cha umeme, na Tony Nyadundo akawa miongoni mwa waliovuma. Kinanda kimoja hufanya kazi ya magitaa matatu, nacho hulipwa ujira wa mtu mmoja. Hatuwezi kuwalaumu wanamuziki kwa hesabu hiyo, wala hatusemi kwamba ohangla ni haba.

Lakini wasomi wa lugha wana deni. Mashairi ya benga yameanza kuandikwa na kufasiriwa. Upigaji wenyewe, pamoja na msamiati wa wapigaji kwa Dholuo na kwa Kiswahili, bado umo vichwani mwa wazee. Majina ya midonoo, amri za kumwambia mwenzio apande au ashuke, maneno ya kusifu gitaa linalosema na ya kukemea gitaa linalopayuka: hayo yote ni lugha, na yanastahili kuingizwa katika kamusi. Ikiwa ni kweli, kama tulivyojaribu kuonyesha, kwamba katika benga gitaa lilifundishwa kusema na Dholuo, basi kuuandika ubeti na kuliacha gitaa ni kuandika nusu ya sentensi.